Kipimo Kisichoyumba

Palikuwa na nchi, na ipo hata leo, ila ukiwauliza wenyewe watakwambia hiyo si yetu, hiyo ni ya jirani. Mimi pia jina lake sitalitaja. Nina shingo moja tu na nimeizoea.

Nchi hiyo iliwapenda watoto kupita kiasi. Kila asubuhi watoto walipangwa mstari wakaimba wimbo wa kuishukuru nchi kwa kuwapenda, na aliyesahau maneno ya wimbo alichapwa mpaka akayakumbuka. Kulikuwa na Siku ya Mtoto, Wiki ya Mtoto, na Mnara wa Mtoto uliozungushiwa uzio ili watoto wasiuchafue. Kulikuwa pia na Wizara ya Furaha ya Watoto, jengo refu lenye lifti na mazulia, na mlangoni pake kibao kizuri cha shaba: WATOTO HAWARUHUSIWI.

Tena walikuwa na mila moja waliyoionea fahari kuliko zote. Mtoto akisema jambo, neno lake halikuhesabiwa kuwa limesemwa mpaka mkubwa wa nyumbani kwake aitikie, "Naam, ndivyo." Wanasimulia mpaka leo, kwa kujisifu, kisa cha mtoto aliyekimbia mtaani akipiga kelele kwamba nyumba yao inaungua. Majirani walitoka, wakautazama moshi, wakasikitika, kisha wakakaa barazani kumsubiri baba mtu arudi kutoka sokoni. Baba alikuta majivu. "Naam, ndivyo," akasema, na watu wakampa hongera kwa kulea mtoto msema kweli.

Basi siku moja Waziri wa Furaha ya Watoto, Mheshimiwa Sengo Malimbika, alirudi kutoka mkutano wa mataifa akiwa amevimba kwa hasira. Huko kila waziri alisimama akataja namba: kwetu watoto kadhaa katika kila mia wanateswa na wale wanaowalea. Waziri wa nchi jirani alitaja namba kubwa ya kutisha, na badala ya kuzomewa akapigiwa makofi kwa ukweli wake. Zamu ya Mheshimiwa Malimbika ilipofika akasema kwamba kwao jambo hilo halipo.

"Mmepima?" akaulizwa.

"Tutapimaje kitu ambacho hakipo?"

Ukumbi ukacheka. Wakacheka kwanza walioijua lugha, halafu, baada ya wakalimani kumaliza kazi yao, wakacheka waliobaki. Kicheko hicho cha pili ndicho kilichomuuma.

"Nataka namba," alimwambia Bi Kidawa Msangule alipomwita ofisini. "Iwe ndogo, iwe safi, na iwe ya kutegemeka. Sitaki mtu anicheke tena kwa zamu."

Bi Kidawa alikuwa mtaalamu pekee wa vipimo katika nchi nzima. Alisomea ng'ambo jinsi ya kuunda dodoso, yaani namna ya kuuliza swali ili ukweli utoke bila kuvutwa. Tangu arudi alikuwa amepewa kazi moja tu, kupima kuridhika kwa kuku wa serikali. Kuku walionekana wameridhika sana, kisha wakaliwa siku ya kuzindua ripoti.

Alikuwa mtu mwema, na hilo nalisema bila kejeli. Alipotoka kwa waziri alijifungia chooni akalia kwa furaha. Aliamini kwa moyo wote kwamba kisichopimwa hakionekani, na kisichoonekana hakina wa kukiponya. Usiku na mchana aliandika maswali, akayafuta, akayaandika tena. Swali la kwanza lilikuwa wazi kama maji ya kisima: Je, mwaka huu kuna mtu mzima wa nyumbani kwako au shuleni kwako aliyekupiga mpaka ukaumia?

Maswali yakapelekwa kwenye Kamati ya Staha. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Faki Mkwaju, rais wa maisha wa Chama cha Wakata Henzirani, mtu aliyesambaza fimbo za henzirani katika shule zote za nchi na ambaye kwa hiyo alihesabiwa kuwa mdau mkubwa wa elimu.

"Binti yangu," alisema Mzee Mkwaju baada ya kusafisha koo kwa muda mrefu, "umesoma, hongera. Lakini hili neno, kupigwa. Ngoma hupigwa. Mbwa hupigwa. Mtoto hufunzwa."

"Basi tuulize nini, mzee?"

"Tuulize kama amefunzwa."

"Wote watasema ndiyo."

"Naam! Na hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwa mataifa."

Walibishana tangu asubuhi mpaka chai, na tangu chai mpaka chakula. Swali kuhusu alama mwilini lilifutwa kwa sababu si adabu kumwangalia mtoto mwili. Swali kuhusu kunyimwa chakula lilifutwa kwa sababu lingewakumbusha watoto njaa. Mwishowe yakabaki machache, na la kwanza likapona baada ya kukatwa nyumbani, shuleni na kuumia, na kwa nyongeza ndogo tu. Mzee Mkwaju aliomba yaongezwe maneno mawili, "bila sababu".

"Je, mwaka huu kuna mtu mzima aliyekupiga bila sababu?" alisoma kwa sauti, akafumba macho kama anaonja asali. "Sasa hilo ni swali lenye haki. Linamlinda mtoto, na linamlinda anayemchapa."

Bi Kidawa aliitazama karatasi yake. Nusu shari, alijiambia, ni heri kuliko shari kamili. Neno "kupiga" limebaki, na hilo si haba. Akakubali, naye akapata alichokitaka kuliko vyote: kamati iliridhia kwamba kwenye majaribio, katika shule moja tu nje ya mji mkuu, watoto waulizwe peke yao, bila mkubwa wa kuitikia.

Mahali palipopatikana ni jiko la shule, kibanda cha mabati chenye sufuria kubwa ya uji. Mpishi aliombwa akae nje. Watoto waliingia mmoja mmoja, na kwa kuwa hawakuwahi kuulizwa jambo bila mkubwa pembeni, walijibu kisha wakageuka kumtafuta wa kusema naam. Walipoona hayupo, ndimi zikalegea.

Mvulana mmoja alisema alichapwa kwa kuwa chaki za mwalimu ziliisha.

"Hiyo ni sababu, mama?" akauliza.

"Wewe waonaje?"

"Mimi sikuzila."

Bi Kidawa akaandika ndiyo. Aliandika ndiyo nyingi siku ile mpaka wino ukamchafua vidole. Jua lilipokuwa kali, mabati yakilialia kwa joto, akaingia msichana wa kama miaka tisa aliyevaa sweta la mikono mirefu. Jina lake Zamda. Wazazi wake walikuwa wamefariki, naye alilelewa na baba yake mdogo, Bwana Pandu Kirungu, ambaye ndiye Mwalimu Mkuu wa shule ile ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Je, mwaka huu kuna mtu mzima aliyekupiga bila sababu?"

"Ndiyo."

"Mara moja au zaidi?"

"Zaidi. Nikihesabu huwa nachanganyikiwa."

"Ni nani?"

"Baba mdogo." Halafu akapandisha mkono wa sweta mpaka juu ya kiwiko, akauacha hapo kidogo, akaushusha tena. Bi Kidawa alitafuta kwenye dodoso mahali pa kuandika alichokiona. Hapakuwapo, Kamati ya Staha ilipafuta.

"Mama, nani mwingine atajua nimesema?"

"Hakuna, mwanangu. Hii ni siri. Nakuahidi."

Zamda akafikiri. "Kama hakuna atakayejua," akasema, "basi unaniuliza ya nini?"

Huko ng'ambo Bi Kidawa alisoma vitabu vinene kuhusu swali hilo, na majibu yake ni marefu, yana tanbihi. Hakukumbuka hata moja. "Nakusanya majibu ya watoto wengi," alisema hatimaye. "Yakiwa mengi yanakuwa namba, na namba wakubwa huisikia. Nitarudi baada ya wiki mbili nikuulize tena. Wewe usibadilishe. Sema vile vile."

"Nikisema vile vile watakuja?"

"Watakuja," alisema Bi Kidawa. Alipolisema aliliamini kabisa.

Msije mkadhani alikaa tu. Kesho yake alikwenda Dawati la Kuokoa Watoto, akamkuta karani anakula karanga.

"Kuna mtoto anateswa," alisema.

"Pole yake. Nani kaitikia?"

"Hakuna. Mkubwa wake ndiye anayemtesa."

"Basi mwambie aje huyo huyo aitikie," alisema karani kwa upole, akipepeta maganda. "Tunafungua saa mbili. Akiwahi hatakuta foleni."

Matokeo ya kwanza yalipomfikia waziri, jasho lilimtoka chini ya kiyoyozi. Zaidi ya nusu ya watoto walisema ndiyo.

"Namba hii umeitoa wapi?"

"Kwa watoto, Mheshimiwa."

"Nilikwambia nataka kipimo cha kutegemeka!"

"Bado hatujajua kama kinategemeka," alisema Bi Kidawa, na hapo utaalamu ukamponza, maana mtu akiulizwa kitu anachokipenda hujisahau. "Lazima tuwaulize tena watoto wale wale. Majibu yakija yale yale, kipimo kinategemeka. Yakija tofauti, kipimo kinayumba na namba yake haifai kitu."

Uso wa Mheshimiwa ukanawiri. "Haifai kitu?"

"Haifai, Mheshimiwa."

Jioni hiyo waraka ulitumwa kwenye shule ile kuwataka walimu wawaandae watoto kutegemeka. Bwana Pandu Kirungu hakuwa mtu wa kungoja kuambiwa mara mbili. Kila baada ya wimbo wa shukrani watoto walibaki mstarini. "Swali la kwanza!" alinguruma. "Hapana!" waliitika. "Kuna aliyekupiga?" "Hapana!" Aliyechelewa au aliyesema kwa sauti ndogo alipata fimbo mbili, na akarudia hapana yake huku akifuta machozi. Sijawahi kusikia nchi nyingine iliyowachapa watoto ili waseme hawachapwi, lakini huenda sijatembea sana.

Wiki mbili zikapita, Bi Kidawa akarudi jikoni. Watoto wakaingia, na hapana zikamwagika kabla hajamaliza kuuliza. Mmoja aliulizwa jina lake akasema hapana. Yule wa chaki alisema hapana akiangalia sakafu, naye Bi Kidawa akaandika, akijisikia kinyaa.

Akaja Zamda na sweta lake.

"Je, mwaka huu kuna mtu mzima aliyekupiga bila sababu?"

"Ndiyo."

Kalamu ikasimama. "Hukuambiwa useme hapana?"

"Mstarini nimesema hapana, mama, kama wenzangu. Lakini wewe uliniambia nisibadilishe." Akachungulia mlango. "Watakuja lini?"

"Karibu," alisema Bi Kidawa.

Kamati ilikutana mbele ya waziri mwenyewe. Majibu ya mara ya kwanza yaliwekwa kando ya majibu ya mara ya pili, na hata mtu asiyejua hesabu aliona kwamba hayajuani. Mzee Mkwaju alicheka mpaka akakohoa. "Kipimo cha binti yetu kinatembea kama mlevi," alisema. "Leo ndiyo, kesho hapana!"

"Nashukuru kwa juhudi," alisema Mheshimiwa Malimbika, akifunga faili. "Tutakitupa. Nitaandika sifuri kwa mkono wangu mwenyewe."

Ingekuwa heri kama Bi Kidawa angenyamaza. Lakini mzazi hatupi mtoto, na dodoso lile ndilo lililokuwa mtoto wake. Damu ilimpanda. "Kipimo changu hakiyumbi!" alisema, na alisimama akisema. "Watoto wameyumbishwa. Yupo asiyeyumba! Yupo mtoto aliyejibu vile vile mara zote mbili, pamoja na yote waliyomfanyia!"

Mheshimiwa akalifungua tena faili.

"Ni nani?" aliuliza waziri.

"Hiyo ni siri, Mheshimiwa. Nilimwahidi."

"Bi Kidawa, mama yangu." Sauti ya waziri ililainika kama siagi juani. "Mimi ndiye waziri wa furaha yake. Ukinificha mimi, nani atamsaidia?"

Bi Kidawa alikumbuka ule mkono wa sweta ukipanda. Alikumbuka kwamba alisema watakuja, na hawa ndio wa kuja, hakuna wengine. Alikumbuka pia kipimo chake kilivyokuwa kinaelekea jalalani, na ni Mungu tu anayejua lipi kati ya hayo lilimfungua mdomo.

"Zamda," alisema. "Wa kwa Mwalimu Mkuu Kirungu."

Waziri alimnong'oneza Katibu Mkuu, akimsisitiza kwamba ni siri. Katibu Mkuu alimpigia simu Afisa Elimu, akamwapisha. Afisa Elimu alimtafuta Mwalimu Mkuu. Kabla jua halijazama siri ilikuwa imefika nyumbani kwa Bwana Kirungu, na bado ilikuwa siri, kwa maana kila aliyeipokea aliahidi kutomwambia mtu.

Kisha ukatangazwa Usuluhishi wa Majibu. Waliobadilisha majibu wote walisamehewa kwa pamoja, jibu lao la kwanza likafutwa. Akabaki Zamda peke yake. Ikaamuliwa aulizwe mara ya tatu, wizarani, na safari hii kwa mujibu wa mila, mkubwa wake akiwepo kuitikia.

Kile kibao cha shaba kilifunikwa kwa kitambaa siku hiyo, kwa kibali maalumu. Bwana Kirungu aliingia amevaa suti ya kahawia, akasalimia kila mtu kwa mikono miwili. Nyuma yake alikuja Zamda, akitembea polepole mno kwa mtoto wa umri wake. Walimwekea kiti. Aliomba asimame.

"Mtoto ana heshima," alisema Mzee Mkwaju, akapendezwa.

Bi Kidawa alitaka kuondoka. Lakini kanuni aliiandika yeye mwenyewe, kwamba anayeuliza mara ya mwisho awe yule yule aliyeuliza mara ya kwanza, ili kipimo kisiyumbe. Karatasi ilikuwa mkononi mwake na watu wote wanamtazama.

"Je," alisoma, na ilibidi aanze tena. "Je, mwaka huu kuna mtu mzima aliyekupiga bila sababu?"

Zamda alimtazama usoni, hakumtazama mwingine yeyote.

"Hapana," alisema.

Pumzi zilishuka chumba kizima. Waziri alitabasamu, Mzee Mkwaju akapiga meza kwa furaha. "Andika, Bi Kidawa."

Lakini mtoto hakuwa amemaliza. "Safari hii alikuwa na sababu, mama," alisema. "Ni yale niliyokwambia wewe jikoni."

Na Bwana Pandu Kirungu, ambaye maisha yake yote alikuwa akiitikia maneno ya watoto bila kuyasikiliza, aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Naam, ndivyo."

Hata yeye mwenyewe alishtuka, mdomo ukabaki wazi. Kwa mila ya nchi ile neno lilikuwa limekamilika. Mtoto amesema, mkubwa wake ameitikia, mbele ya waziri na mbele ya kamati, na hakuna ambaye angeweza kudai halikusemwa.

"Mheshimiwa!" Bi Kidawa aliruka kitini. "Ameitikia! Mmesikia wote, ameitikia!"

Waziri alimgeukia Mzee Mkwaju. Mzee Mkwaju aliomba apewe dodoso, akavaa miwani, akalisoma swali kwa utulivu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Swali linasema bila sababu," alisema. "Mtoto amesema sababu ilikuwepo. Jibu lake ni hapana."

"Na mkubwa wake ameitikia," alisema waziri.

"Na mkubwa wake ameitikia."

"Andika, Bi Kidawa."

Natamani niwaambie kwamba aliichana ile karatasi. Natamani niseme alimshika mtoto mkono wakatoka wote wawili kwa lifti ile ya serikali, wakapotelea mjini. Lakini aliandika. Aliandika hapana kwa mwandiko mzuri kama alivyofundishwa ng'ambo, na kipimo chake, kilichokuwa kinayumba, kikasimama wima.

Bwana Kirungu alishika njia na mtoto wake. Mlangoni Zamda aligeuka, akaitazama meza ndefu, akamtazama waziri na wale wazee na glasi zao za maji.

"Mama," aliuliza, "ndio hawa uliosema watakuja?"

Bi Kidawa hakujibu. Mpaka leo hajajibu, ingawa amepandishwa cheo na ana gari lenye bendera ndogo.

Kwenye mkutano uliofuata Mheshimiwa Malimbika alitaja sifuri, akaeleza kwa kirefu jinsi ilivyopatikana, kwa dodoso lililohakikiwa na mtoto aliyeitikiwa. Walipiga makofi kwanza walioijua lugha, halafu, baada ya wakalimani, wakapiga waliobaki.

Hadithi yangu imeishia hapo, ila haijakamilika. Kwa mila ya nchi ile mimi nimesema tu, sijahesabiwa kuwa nimesema. Wewe uliye mkubwa wa nyumba, ambaye unaijua nchi hiyo na unajua si ya jirani, nyamaza ukipenda, au itikia.